Pilau Tuliyompelekea Mdai wa Roketi

Kazi ya kwanza niliyopewa London ilikuwa kuuza baruti. Nalisema hili kwa utaratibu ili uliandike sawasawa, mjukuu wangu, na uache kunitazama hivyo. Miaka ya tisini ilikuwa katikati, mama yako alikuwa akihudumia wagonjwa hospitalini, wewe hujazaliwa, na mimi nilikuwa nimeletwa kutoka Mombasa ili nikae kwenye kochi pale Hounslow nikiitazama mvua. Niliitazama mpaka nikaijua tabia yake. Kisha nikatoka kutafuta kazi, na mtu wa kwanza aliyenijibu kwa lugha niliyoielewa alikuwa Mhindi mwenye duka pale pale Hounslow, mzaliwa wa Mombasa kama mimi, aliyekuwa akikaa Stanmore na kuuza fataki na roketi.

Nilimwita tajiri, kama tunavyomwita kwetu mwenye kazi, naye aliniita Mama, ingawa tulikuwa karibu rika moja na mvi zake zilikuwa nyingi kuliko zangu.

Fataki zilikuwa na misimu miwili iliyofuatana. Kwanza Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindi, ambapo watu wa Southall na Wembley walinunua kwa furaha na kwa makelele. Kisha usiku wa Novemba wa Waingereza, ambapo huchoma sanamu ya mtu aliyetaka kulipua bunge lao zamani, na namna yao ya kuonyesha kwamba hawapendi milipuko ni kulipua kila kitu. Sikuwahi kuelezwa vizuri, na sikuuliza mara mbili.

Roketi zilikuwa habari nyingine, na ziliuzwa mwaka mzima. Sizungumzii zile za kijiti zinazopaa na kupasuka. Hizi zilikuwa bomba la karatasi ngumu, mabawa ya mbao nyepesi, pua ya plastiki na parachuti iliyokunjwa ndani. Chini yake hutiwa injini, nayo ni kifuko cha karatasi nene kilichoshindiliwa baruti, chenye ukubwa wa kidole gumba. Unaisimamisha roketi uwanjani, unarudi nyuma na waya wako, unabonyeza kitufe, nayo inakwenda. Ikifika juu parachuti inafunguka, roketi inateremka taratibu, na mwenyewe anaikimbilia akiwa amenyoosha mikono. Wenyewe hao hawakuwa watoto. Walikuwa wanaume wazima wenye ndevu na vitambi, na niliwaona kwa macho yangu wakinuniana kwenye kaunta kwa sababu ya rangi ya pua.

Mimi sikwenda shule hata siku moja, na silisemi hilo kwa kujisifu wala kwa kulia. Bidhaa nilizijua kwa rangi na kwa picha. Kila boksi lilikuwa na maonyo, na mwaka hadi mwaka maonyo hayo yaliongezeka, mpaka picha ya roketi ikasukumwa pembeni kama mgeni asiyealikwa. Nilimwuliza tajiri maneno yote hayo yalikuwa yanasema nini.

"Kila mstari hapa ni kesi ya mtu, Mama," alisema, akipitisha kidole. "Huyu aliishika kwa meno. Huyu alimlenga shemeji yake."

"Na huyu?"

"Huyu ililowa, akaitia kwenye oveni ikauke."

"Na wote wakashtaki?"

"Shemeji ndiye aliyeshtaki. Lakini ndiyo, wote."

Wateja waliyapita maonyo hayo kama wanavyoyapita matangazo ya basi. Katika jambo hilo mimi nisiyejua kusoma na wao waliohitimu vyuo vikuu tulikuwa sawa kabisa, kwani hakuna aliyeyasoma.

Tajiri alinieleza kwamba huko Marekani viwanda vidogo vilivyotengeneza injini vilikuwa vikifungwa, wala si kwa kukosa wanunuzi. Vilifungwa kwa kuchoshwa na mahakama. Kiwanda kikishafungwa, aliyeumia humtafuta aliye karibu: aliyeileta bidhaa nchini, na aliyeiuza. Tajiri wangu alikuwa yote mawili. Kilichomkinga ni hati ya bima aliyoitundika ukutani, kando ya picha ya mungu wao wa neema. Kwa kuwa sheria ya moto ilikataza kuwasha udi karibu na baruti, mungu huyo aliwekewa balbu ndogo ya umeme. Kila asubuhi tajiri aliinamisha kichwa mbele ya ukuta ule, na sikuweza kujua ni kipi kati ya vile viwili alichokiogopa zaidi. Bila hati ile halmashauri isingempa leseni, muuzaji wa jumla asingemletea mzigo, na duka lingekuwa chumba chenye kaunta. Hilo nililifahamu vizuri bila kusoma.

Basi miaka ya elfu mbili ilipoanza, televisheni ya mchana ilijaa watu wazuri wenye tai waliouliza: umeanguka? Umeteguka? Si kosa lako, ni la mtu, piga simu, hutoi kitu usiposhinda. Nilikuwa nikiwatazama nikimenya viazi, na baada ya muda hata mimi goti likaanza kuniuma.

Mteja wetu mmoja, mwanamume wa Hayes aliyefanya kazi kwenye maghala ya uwanja wa ndege, alikwenda kurusha roketi yake siku ya baridi. Akabonyeza kitufe, haikuwaka. Maonyo yanasema ungoje. Yeye akaiendea, akainama, akaigusa, nayo ikakumbuka kazi yake. Ilimuunguza mkono wa kulia na ikaondoka na nyusi zake zote mbili.

Tulizipata habari hizo kwa njia ya wakili wake. Tajiri aliisoma barua akiwa amesimama, kisha akaisoma akiwa amekaa, kisha akapiga simu kwa watu wa bima. Alipoweka simu chini, sura yake ilikuwa ya mtu aliyemeza kitu kisicholiwa.

"Wanasemaje?" nilimwuliza.

"Wanasema nisiseme naye. Nisimwandikie. Nisimpe chochote, nisikubali chochote, nisiahidi chochote. Kila kitu niwaachie wao."

"Na mgonjwa anaendeleaje?"

"Hawakusema."

"Hawakusema, au hukuuliza?"

Alianza kupanga mishumaa ya keki ambayo ilikuwa imekwisha kupangwa.

"Tajiri," nikamwambia, "mtu ameungua kwa kitu kilichotoka mikononi mwetu. Mimi ndiye niliyekitia kwenye mfuko. Wiki ya pili hii, na hakuna aliyekwenda kumtazama. Mama yako angekuwa hai ungemwambia nini?"

"Usimtie mama yangu, Mama. Nimekatazwa kuwasiliana naye."

"Nani amesema mawasiliano? Tunakwenda kumjulia hali. Habari za kesi huko hatutazigusa."

Yule alikuwa mtoto wa Mombasa. Alikulia katika mtaa ambao jirani akivunjika mguu, nyumba yake hujaa sahani mpaka akakosa pa kuuweka mguu wenyewe. Nilijua atakubali, nikasubiri tu.

"Kumjulia hali," alisema hatimaye, "si mawasiliano."

"Wala hayakaribiani."

Nikapika pilau ya nyama, sufuria kubwa. Tajiri na watu wake hawali nyama, kwa hiyo alinipeleka Hayes kwa gari lake huku madirisha yote yakiwa wazi na mvua ikitupiga usoni, akiendesha kama mtu anayesafirisha maiti. Mkewe alikuwa ametoa kopo la laddu, vile vitamu vyao vya mviringo, ili nao wasikosekane.

Aliyetufungulia mlango alikuwa mama wa mgonjwa, kikongwe mwenye sigara mdomoni na slipa za manyoya. Kiingereza changu kilikuwa cha kuhesabika, kwa hiyo mengi aliyonena nilifasiriwa na tajiri, baadhi pale pale na baadhi kwenye gari wakati wa kurudi.

"Ninyi ni nani?"

"Sisi ni wa dukani."

"Duka gani? La roketi?"

"Ndilo."

Aliitazama sufuria iliyofungwa kwa kitambaa.

"Na hilo ni bomu?"

"Ni wali."

"Basi ingieni, mnaniingizia mvua."

Mgonjwa alikuwa amekaa sebuleni, mkono umefungwa bandeji, na kwa kukosa nyusi alikuwa na sura ya mtu aliyesahau alichotaka kusema. Alipotuona alishtuka, akatazama mlango wa nyuma. Lakini harufu ya bizari ilikuwa imekwisha kufika kabla yetu, na mama yake alikuwa amekwisha kuleta sahani. Alikula kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia haukufaa, nami nikajilazimisha kutazama dirishani. Alikula sahani ya kwanza kwa aibu, ya pili bila aibu.

Alipotulia akasema, bila kuulizwa, "Kwa kweli mimi mwenyewe niliiendea mapema. Nilichoka kungoja, baridi ilikuwa kali."

"Hata kuzaliwa alizaliwa mapema," mama yake akasema. "Kungoja hakumo katika damu yake."

Nikamgeukia tajiri. "Mwulize basi kwa nini ameshtaki."

"Siwezi kuuliza hilo, Mama. Nimekatazwa."

"Umekatazwa wewe. Mimi nimekatazwa na nani?"

Nikauliza mwenyewe, kwa Kiingereza cha maneno matatu na kidole. Yule mtu akawa mwekundu. Alisema alimpata wakili kwa namba ya simu ya kwenye televisheni, akaambiwa kwamba haitakuwa kumshtaki mwenye duka, itakuwa kuishtaki kampuni ya bima, na kwamba kampuni zipo kwa kazi hiyo. Alimwambia hakuna mtu atakayeumia.

Tajiri alikuwa amekatazwa, na alijitahidi sana, Mungu shahidi yangu. Ila tulipokuwa tukiaga alimshika yule mtu mkono ulio mzima kwa mikono yake miwili, kama walivyotulea, akamwambia: "Ukihitaji lolote, tuambie. Shida yako ni yetu." Hakuna mtu aliyekulia Mombasa anayeweza kutoka nyumba ya mgonjwa bila kusema hivyo. Ni sawa na kuvaa viatu mlangoni.

Yule mtu alifurahi kiasi kwamba alimsimulia wakili wake. Na wakili, ambaye inaonekana hakuna mtu aliyewahi kumpikia, akaviandika vyote: wali, nyama, laddu, na yale maneno ya mlangoni.

Wiki iliyofuata alikuja mtu wa bima, kijana mwenye koti zuri aliyekataa chai. Akamketisha tajiri kwenye kiti chake mwenyewe.

"Je, ulikwenda nyumbani kwa mdai?"

"Nilikwenda kumjulia hali."

"Ulimpa kitu?"

"Mimi? Laddu kidogo. Pilau ilikuwa ya Mama."

"Yenye thamani gani?"

Tajiri akanifasiria. Nikasema, "Mwambie ilikuwa ya nyama." Tajiri akamwambia, na kijana akaandika.

"Na ulimwambia kwamba shida yake ni yenu?"

"Ni namna tu ya kuaga."

"Bwana, umemwahidi mdai fidia isiyo na kikomo, mbele ya mashahidi, ukampelekea na malipo ya awali."

"Malipo gani?"

"Wali," alisema kijana, bila kucheka. Nilimtafuta kicheko usoni, hakikuwapo. Sijawahi kuona mtu amesoma kiasi kile.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba katika nchi hii mtu akiumia kwa mkono wako, uungwana ni kujifungia ndani na kunyamaza, na anayebisha hodi kuuliza hali ndiye mwenye hatia. Nimeishi hapa miaka mingi tangu siku ile, nimezoea baridi, nimezoea hata viazi vyao, lakini hilo limenikataa kooni. Usilifute, liandike.

Kampuni ikajitoa. Walisema tajiri amevunja masharti, kwa hiyo kesi ile ni yake peke yake, na muda wa hati utakapokwisha, hapo mwisho wa kiangazi, hawatampa nyingine. Sasa palipokuwa pa kampuni pakawa pa tajiri mwenyewe, na nyumba ya Stanmore na duka vyote vilikuwa mbele ya jaji. Tajiri aliacha kunyoa ndevu. Asubuhi aliinama mbele ya ukuta kwa muda mrefu zaidi, ila mara hii nilijua anamwinamia nani.

Siku moja yule mama kikongwe akaingia dukani, mvua imemlowesha, amebeba sufuria yangu. Alikuwa ameisugua mpaka inang'aa, na ndani ametia keki ya tufaha. Hakufundishwa na mtu kwamba chombo cha mwenzio hakirudishwi kitupu, na nilimpenda hapo hapo.

"Mwenye duka amekuwaje?" akauliza. "Mbona anafanana na mfungwa?"

Tajiri hakutaka kusema. Nilimwambia aseme, kwani sasa hakuna bima ya kumkataza. Akamweleza yote. Kikongwe alisikiliza, sigara isiyowashwa ikiwa mdomoni, kwa heshima ya baruti.

"Kwa hiyo si kampuni tena," alisema. "Ni wewe."

"Ni mimi."

"Na sababu ni ule wali?"

"Ndiyo, bibi."

Aliondoka bila kuaga. Yaliyotokea Hayes niliyasikia baadaye kutoka kwa mwanawe mwenyewe. Kikongwe alimkuta akila, akamwondolea sahani. Akamwuliza, wale watu walipokuja hapa, wewe ulikuwa na nyusi? Akasema hapana. Walipokuja, wakili wako alikuwapo? Akasema hapana. Akamwambia basi achague, kesi au chakula, maana katika nyumba yake havitapatikana vyote. Kabla wiki haijaisha kesi ilikuwa imefutwa, na wakili, kwa kuwa hakushinda, hakupata kitu, kama alivyoahidi mwenyewe kwenye televisheni.

Nilipika tena siku hiyo. Tulidhani tumepona.

Lakini tulikuwa hatujaijua dunia ya bima. Tajiri alipiga simu kampuni baada ya kampuni. Zote zilimwuliza swali moja: umewahi kudaiwa? Naye, kwa kuwa alilelewa vizuri, akasema ndiyo.

"Ilimalizikaje?"

"Ilifutwa."

"Kwa sababu gani?"

Hapo alisitasita, na ukisitasita kwa watu wale, simu imekwisha. Wengine hawakufika hata kwenye swali la pili. Wakisikia roketi walicheka, wakisikia injini za baruti waliacha kucheka. Mmoja tu alikubali, kwa ada ambayo ingemlazimu tajiri auze kila boksi kwa bei ya gari. Muuzaji wa jumla alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, wakila pamoja kwenye harusi za Stanmore. Alikuja mwenyewe, akakaa, akanywa chai yote, akasema hawezi kumletea mzigo bila hati, kwani na yeye ana bima yake, na bima yake ina masharti yake. Walikumbatiana. Nilitamani kuwapiga wote wawili.

Diwali ilikuwa inakaribia. Watu walipita dukani wakiuliza, tukawaelekeza kwenye supamaketi, ambako fataki ziliuzwa kati ya sabuni na chakula cha paka na mtu asiyejua ipi inalia na ipi inachanua. Mzigo mwingine ulichukuliwa na muuzaji wa jumla aliyeuleta. Uliobaki, maboksi yaliyofunguliwa na zile injini za Marekani ambazo kiwanda chake hakikuwapo tena, ulibidi uharibiwe. Alikuja ofisa wa halmashauri na mapipa ya maji, uani nyuma ya duka. Akazizamisha moja moja, akizisukuma chini kwa fimbo zinapoibuka. Karatasi zikalegea, maji yakawa meusi, kisha mekundu, kisha rangi isiyo na jina. Tajiri alisimama pale mpaka mwisho, na kofia ameivua. Alipokuwa mdogo baba yake alimbeba mabegani ufukweni Mombasa aone fataki za Diwali, na nadhani tangu siku ile hakutaka kazi nyingine duniani. Nilimletea kiti, hakukikalia.

Tulikuwa tukibandua mabango madirishani alipoingia yule mtu wa Hayes. Nyusi zilikuwa zimeota, moja juu kidogo ya mwenzake. Alikuwa amekumbatia roketi aliyoijenga mwenyewe alipokuwa akiuzoeza mkono uliopona, ndefu kuliko yeye, nyeupe na mistari ya bluu, kazi nzuri ambayo hata mimi niliizunguka mara mbili.

"Nataka injini," alisema. "Ile kubwa."

"Hazipo," tajiri akamwambia.

"Zitakuja lini?"

"Haziji."

Alisimama na roketi yake kama bwana harusi aliyekimbiwa. Alikuwa amekwisha kupita maduka mengine: moja limefungwa, jingine limebaki na treni za kuchezea, la tatu wamemwambia hawagusi kitu chochote chenye baruti tangu waliposikia habari za duka moja la Hounslow.

"Sasa nitanunua wapi?" akauliza.

Nilikuwa nimengoja miezi mingi, na Kiingereza changu kilikuwa kimekua. "Kwa wakili wako," nikamwambia. "Mwulize kama anauza."

Tajiri alinikemea kwa macho. Yule mtu alitazama rafu tupu, moja baada ya nyingine, na nikaona anahesabu kitu kichwani. Kisha akaiegemeza roketi ukutani, akavua koti, akakamata upande mmoja wa kabati ambalo tajiri alikuwa akihangaika nalo, akalibeba naye mpaka kwenye gari. Alibeba mpaka jioni, kwa mkono ule ule. Hakuomba radhi, na hatukumdai.

Baada ya miezi michache tajiri alifungua tena mlango ule ule, mara hii anauza mapazia, kwa ubia na shemeji yake. Alinirudisha kazini siku ya kwanza.

"Mapazia, Mama," aliniambia akipapasa kitambaa bila mapenzi yoyote. "Hayaruki. Hayalii. Hayajawahi kumuumiza mtu."

Mchana ule ule simu ikalia. Walikuwa watu wa bima, kampuni mpya, wakijaza maelezo. Alijibu anwani, akajibu ukubwa wa duka. Kisha akaziba simu kwa kiganja, akanigeukia.

"Wanauliza kama yanashika moto."

"Yanashika?"

"Kila kitambaa kinashika moto, Mama."

"Basi waambie ukweli, na uwaulize wanakaa wapi," nikasema. "Nitawapikia."

Kwa mara ya kwanza tangu siku ya mapipa, tajiri alicheka, akacheka mpaka akalazimika kukaa juu ya majora, na yule mtu wa bima kwenye simu akawa anauliza kuna nini, kuna nini huko, na hakuna hata mmoja wetu aliyemjibu.